Kabla hujamlaumu mrushaji kwa hiti alizopigwa

Mrushaji wa besiboli akipigwa hiti tisa (mipigo inayomfikisha mpigaji salama kwenye beisi) katika mechi moja, usiseme haraka kwamba kaisha. Anayoyamiliki kweli ni machache: kumtoa mpigaji kwa straiki tatu, kumpa beisi ya bure kwa boli nne au kwa kumgonga, na hom rani, yaani mpira unaopigwa ukavuka uzio. Mpira ukishaguswa na gongo ukabaki uwanjani, matokeo yake yanategemea pia mdakaji amesimama wapi, mpigaji ana mbio kiasi gani, na bahati.

Mmarekani Voros McCracken alipoitangaza hoja hii kwa upana mwaka 2001, wengi waliiona kichekesho. Lakini mtazame mrushaji Pedro Martínez akiwa timu ya Boston. Mwaka 1999, kati ya mipira aliyopigwa ikabaki uwanjani, asilimia 32 hivi ilikuwa hiti. Mwaka uliofuata ikashuka hadi karibu 24. Mkono ni uleule, na misimu yote miwili alikuwa hashikiki.

Kipimo chenyewe, yaani sehemu ya mipira iliyobaki uwanjani ikawa hiti, kinaitwa BABIP. Chukua hiti, toa hom rani. Kisha chukua zamu rasmi za kupiga, toa waliotoka kwa straiki tatu, toa hom rani, na uongeze mipira ya juu iliyodakwa lakini ikaleta mkimbio (pointi). Gawanya cha kwanza kwa cha pili. Tuseme mrushaji ana zamu 600, hiti 160, hom rani 15, straiki tatu 150, na mipira hiyo ya juu 5. Ni 145 kwa 440, yaani 0.330. Wastani wa ligi kuu ya Marekani huwa karibu na 0.300 (mwaka 2022 ulikuwa 0.290). Kosa la kawaida ni kusahau kutoa hom rani juu na chini. Jibu linapanda bila sababu.

Sasa, hiyo 0.330 ni mbaya kiasi gani? Kwa 0.300 angepigwa hiti 132, kwa hiyo tofauti ni 13 tu kwa msimu mzima, sawa na hiti moja kila wiki mbili. Kwa mipira 440, bahati peke yake husogeza kipimo kwa kawaida 0.022 hivi, juu au chini. Ndiyo maana msimu mmoja hautoshi kumhukumu mtu, na mwezi mmoja ndiyo kabisa usiutumie.

Badala yake piga hesabu ya FIP, inayokadiria mikimbio kwa inningi tisa (inningi ni awamu ya mchezo) kwa yale anayoyamiliki mrushaji tu: hom rani mara 13, ongeza beisi za bure na waliogongwa mara 3, toa straiki tatu mara 2, gawanya kwa inningi, kisha ongeza 3.10 hivi. Namba hii ya mwisho hubadilika kidogo kila msimu. Mrushaji wetu akiwa na beisi za bure 45, waliogongwa 5 na inningi 155, anapata 3.39. Kama mikimbio anayobebeshwa kwa inningi tisa ni 4.50, bahati imemwangusha; ningekuwa na timu ningemnunua, siyo kumuuza.

Ila usivuke mpaka ukadai hana udhibiti wowote. Mpira unaopaa wima juu ya wadakaji wa ndani karibu kila mara ni auti, na wako warushaji wanaoupata mara nyingi kuliko wengine. Mpira unaobiringika chini huwa hiti mara nyingi kuliko wa juu uliobaki uwanjani, ingawa hauwi hom rani. Warushaji wa mpira usiozunguka, kama Tim Wakefield, walikaa chini ya wastani miaka mingi. Hiyo siyo bahati.

Kwa hiyo BABIP ikipanda, angalia mambo matatu kabla ya kutetea. Kasi ya mrusho imeshuka? Mipira inayopigwa kwa kilomita 153 kwa saa au zaidi imeongezeka? Wenzake nao wamepanda? Wote wakipanda pamoja, shida iko kwa wadakaji au uwanjani. Uwanja wa Coors Field wa Denver, yenye eneo kubwa la nje na hewa nyepesi, huwapandishia warushaji wote BABIP. Akipanda peke yake huku kasi imepungua, mpeleke kwa daktari wa bega.