Maswali yenu ya muziki: Flati moja ya Chopin

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha piano watoto wachache hapa Moshi, jioni nikitoka kazini. Wawili kati yao wanajifunza prelyudi (kipande kifupi cha piano) ya mtunzi Chopin iliyo katika C maina, ngazi ya noti yenye majonzi, opasi (yaani kazi) 28 namba 20. Kila mmoja ana kitabu chake. Katika kipimo cha tatu (kisehemu cha tatu kati ya mistari ya wima), kodi ya mwisho, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, kitabu kimoja kina flati, alama ya kushusha noti nusu hatua, kwenye E na kingine hakina. Wakipiga kwa zamu, wa kwanza anabaki kwenye majonzi, wa pili ni kama amefungua dirisha. Wananiuliza nani amekosea, nami sina la kuwaambia. Kitabu kipi ni kibovu?
Msomaji wako, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza wapongeze hao watoto, maana masikio yao yamenasa jambo ambalo wapiga piano wazima wamelibishania miaka na miaka.

Kaa nao mbele ya karatasi. Waoneshe kodi ya pili ya kipimo hicho hicho: pale E imewekewa alama ya naturali, inayofuta flati. Alama hiyo, kama unavyojua, inashika mpaka kipimo kiishe. Basi kodi ya nne isipoandikiwa flati upya, E inabaki naturali na tunapata C meja, yenye sauti ya furaha. Ikiandikiwa, tunarudi C maina. Ubishi wote umesimama juu ya kialama kidogo kuliko punje ya mtama.

Muswada wa Chopin mwenyewe upo mpaka leo, katika Maktaba ya Taifa ya Poland mjini Warsaw, na kwenye kodi hiyo hakuna flati. Lakini katika nakala iliyochapwa ya mwanafunzi wake mmoja, flati hiyo imeongezwa kwa penseli, na inahesabiwa kuwa ni mkono wa Chopin mwenyewe. Kwa hiyo vitabu vyako vyote viwili vina asili. Kimoja kimefuata muswada, kingine kimefuata penseli ya darasani.

Mimi napiga flati. Chopin alikuwa na kawaida ya kusahau alama za aina hii. Sikio lake lilikuwa limeshaisikia noti, mkono ukaruka. Mwalimu anapochukua penseli katikati ya somo, amesikia mtoto anapiga kitu ambacho yeye hakukikusudia. Kwangu ushahidi huo ni mzito. Lakini sikuanza hivyo. Nilijifunza kwenye kitabu kisicho na flati, na mwaka wangu wa pili wa kufundisha nilimkatiza msichana mmoja mbele ya wenzake, nikamwambia amesoma vibaya. Kitabu chake kilikuwa na flati, imechapwa wazi kabisa, wala sikukitazama. Ndiyo sababu nakuomba, mtoto akipiga noti usiyoitegemea, tazama kitabu chake kabla hujasema neno.

Sasa, kwa nini vitabu vinatofautiana? Zamani hizo haki ya mchapishaji iliishia mpakani. Kazi ikitoka Paris peke yake, mchapishaji wa Ujerumani angeweza kuichapa bila kumlipa mtunzi hata senti. Chopin akawa anauza kazi zake nchi tatu kwa mpigo. Prelyudi hizi zilitoka mwaka 1839 kwa Catelin wa Paris, kwa Breitkopf & Härtel wa Leipzig na kwa Wessel wa London. Muswada alioutuma kutoka kisiwa cha Mallorca ulimfikia rafiki yake Julian Fontana mjini Paris. Wachongaji wa mabamba ya kuchapia wa Paris walifanyia kazi muswada wenyewe. Leipzig walipelekewa nakala iliyoandikwa upya kwa mkono na Fontana. London walifuata chapa ya Paris. Kila mkono uliongeza kitu au ulidondosha kitu. Tena kuna mkono wa mchongaji. Yeye aligonga noti kwa nyundo kwenye bamba la madini laini, moja moja, kinyumenyume kama zionekanavyo kwenye kioo. Akikosea, aligeuza bamba, akagonga kutoka nyuma mpaka shimo likajaa, kisha akagonga noti upya. Mabamba hayo yaliendelea kutumika na kusahihishwa, kwa hiyo hata nakala mbili za mchapishaji mmoja, zenye jalada moja, zinaweza zisilingane.

Wakati mwingine mchapishaji hakukosea kabisa, aliamua tu kwamba anajua zaidi. Mwaka 1803 Nägeli wa Zurich alichapa sonata ya Beethoven ya G meja, opasi 31 namba 1. Karatasi zilipomfikia Beethoven, alikuwa ameketi anaandika, akamwambia mwanafunzi wake Ferdinand Ries aipige. Ries anasimulia kwamba katikati ya kupiga Beethoven aliruka kutoka kitini kwa hasira. Nägeli alikuwa ameongeza vipimo vinne vya kwake mwenyewe karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza! Beethoven akaipeleka sonata kwa Simrock wa Bonn ichapwe upya, nayo ikatoka na maneno ya Kifaransa kwenye jalada yanayosema ni toleo sahihi sana.

Nikurudishe kwenye prelyudi yako, kwa sababu ina jambo jingine ambalo watoto watalipenda. Wahesabishe vipimo: ni 13. Vinne vya mwanzo vinapigwa kwa nguvu kabisa, vinne vinavyofuata kwa sauti ndogo, halafu hivyo hivyo vinne vinarudiwa kwa sauti ndogo zaidi, na kodi moja ya kufungia. Huko kurudia hakukuwamo alipoanza. Kwenye muswada Chopin amemwandikia mchapishaji kwamba ni ridhaa ndogo kwa Bwana xxx (jina hakulitaja), ambaye mara nyingi huwa sahihi. Bila ridhaa hiyo kipande kizima kingekuwa vipimo 9. Waambie wakipige hivyo mara moja, wasikie kinavyokatika ghafla.

Kuhusu kununua: usiangalie jalada wala bei. Fungua kurasa za mwisho au utangulizi. Mhariri mwaminifu atakwambia alitazama muswada upi na chapa zipi, na pale alipochagua flati au naturali atakuandikia kwa nini. Kitabu kisichosema lolote, hata kama ni kizuri kwa macho, kitumie kwa tahadhari. Kama huna uwezo wa kununua sasa, tovuti ya IMSLP ina picha za chapa nyingi za zamani, bure. Pakua ya Paris na ya Leipzig, uziweke pamoja mezani, umpe kila mtoto penseli azungushie duara kila anapoona tofauti: alama, upinde, neno la nguvu ya sauti. Wangu huwa hawataki kuondoka.

Na yule mwenye kitabu kisicho na flati asifute wala kuandika kwa kalamu. Aiweke flati kwa penseli, ndani ya mabano, ili siku akikua achague mwenyewe.