Kabla Hujashika Maiki: Maneno kwa Watetezi Wapya wa Imani

Vijana wangu, Bwana asifiwe.

Juzi nilihudhuria mdahalo wenu na Waislamu hapa Busia, karibu na yanapoegeshwa malori, nikakaa nyuma kabisa na kofia usoni ili asitokee mtu wa kuniita mezani. Mwenzenu wa kwanza akatangaza kwamba kompyuta za NASA, shirika la anga la Marekani, zimeipata ile siku ya Yoshua iliyopotea, jua liliposimama. Wa pili akaja na Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi, eti alitubu akiwa kitandani anakata roho. Wa tatu akafunga na magurudumu ya magari ya Farao chini ya Bahari ya Shamu. Watu wetu wakashangilia. Mimi nikawa naiombea jenereta izime.

Mnajua kupanga zamu, mnajua kumpa msomaji ishara, sauti mnazo. Kwa hiyo hayo sitayafundisha. Nitasema yale ambayo kila kundi jipya linayarudia, mpaka najiuliza kama mnarithishana kwa siri.

1. Ya WhatsApp yabaki WhatsApp. NASA haijapata siku yoyote ya Yoshua. Darwin alikufa 1882. Hadithi ya toba yake ilichapishwa 1915, na binti yake Henrietta, aliyekuwapo baba yake akifa, aliikanusha hadharani 1922. Magurudumu hayajathibitishwa na mwanaakiolojia yeyote. Na huyo ustadhi aliyekaa mbele yenu anatumia intaneti ileile mnayotumia. Juzi alinyamaza tu, akaandika kwenye daftari. Mtu anayeandika kwenye daftari huku wewe unashangiliwa, mwogope.

2. Ukipewa aya, anza kusoma mistari mitano kabla yake. Basi.

3. Usitumie andiko unalolijua kuwa bovu hata kama linapendwa. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie, kwa sababu hii naieleza kwa aibu.

Enzi zangu silaha ya Utatu ilikuwa moja: 1 Yohana 5:7. Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu, na watatu hawa ni umoja. Ukiitoa, kwaya inapiga vigelegele, mada imekwisha. Mzee mmoja katekista, aliyenilea katika kazi hii, alikuwa ameniita pembeni mapema akaniambia: mwanangu, maneno yale hayamo katika nakala za kale za Kigiriki. Msomi Erasmus alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, na tena 1519, hakuyaweka. Aliyaingiza katika chapa ya 1522 baada ya kusongwa. Kutoka huko yakaingia kwenye King James ya Kiingereza, na sisi tukayapokea. Nilimsikiliza kwa adabu zote. Nikamwambia nimeelewa, Mzee. Na kweli nilikuwa nimeelewa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, maana sikuweza baadaye kujificha nyuma ya ujinga.

Siku ya mdahalo uwanja ulijaa. Ustadhi alikuwa ametubana tangu saa nane, na nikaona watu wetu wanaanza kuangalia simu zao. Nikamwambia msomaji wangu: Mwalimu, tupe Waraka wa kwanza wa Yohana, tano saba. Akasoma. Vigelegele vikapanda, nami nikageuka kurudi kitini kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Ustadhi akaomba jambo dogo tu. Akasema, naomba msomaji asome tena, lakini safari hii asome na mabano.

Biblia niliyokuwa nimeibeba ina mabano pale. Yamechapwa wazi, hayahitaji miwani. Msomaji wangu akaniangalia. Nilikuwa na nafasi ya kusema, ndugu zangu, ustadhi ana haki, maneno haya yaliongezwa, naomba tuyaache, nina Mathayo 28:19 na 2 Wakorintho 13:14 ambazo hazina mgogoro wa namna hiyo. Ingechukua nusu dakika. Badala yake nikashika maiki nikasema kwamba mabano katika Biblia ni alama ya kutilia mkazo.

Mkazo!

Msomaji wangu alikuwa mwalimu wa darasa la sita, na ustadhi alilijua hilo kwa sababu mtoto wake alisoma pale. Hakunijibu mimi. Alimgeukia yeye, kwa upole kabisa, akamwuliza: Mwalimu, wewe darasani unawafundisha watoto wetu kwamba mabano ni ya nini? Mwalimu akaitazama Biblia, akanitazama mimi, akasema, naomba nisijibu. Waislamu hata hawakucheka. Walisema tu takbiri moja, fupi, wakangoja mwenyekiti aendelee.

Mwalimu hakugombana nami. Alinisalimia kila tulipokutana sokoni, akaniuliza habari za mama watoto. Ila hakunisomea tena. Alisema jioni yake yeye ana kazi ya kusahihisha madaftari. Miaka imepita na bado nina wasomaji wazuri, lakini sijapata mwingine ambaye angeweza kufungua Habakuki gizani.

Mzee katekista alipopata habari hakunikemea. Alinipa Ayubu 13:7 nikaisome nyumbani. Nanyi mkaisome. Ayubu anawauliza rafiki zake kama wanataka kumsemea Mungu kwa udanganyifu. Rafiki wale walikuwa upande wa Mungu, au ndivyo walivyojiona.

4. Swali la "Yesu alisema wapi, mimi ni Mungu, niabuduni?" Litakuja. Huwa linakuja kabla ya soda. Kosa lenu ni kukubali masharti ya swali, kisha mnaanza kutafuta sentensi hiyo kama mtu aliyeangusha sarafu. Haipo kwa maneno hayo, semeni hivyo. Kisha mwulizeni muulizaji: kwa nini baraza katika Marko 14:61-64 lilimhukumu kwa kukufuru? Kwa nini waandishi katika Marko 2 waliguna aliposamehe dhambi? Anzeni na Marko, msikimbilie Yohana, kwa sababu mwenzako ameshajiandaa kusema Yohana iliandikwa mwisho. Na Marko 10:18, "kwa nini kuniita mwema", itajeni ninyi kwanza. Ukiisubiri itajwe na upande wa pili, utaonekana uliificha.

5. Mfalme Yehoyakini. 2 Wafalme 24:8 inasema alianza kutawala akiwa na miaka 18. 2 Nyakati 36:9 inasema miaka 8. Nimesikia maelezo ya ajabu: eti minane alitawazwa na babaye, eti minane ni ya kiroho. Jamani. Ziko nakala za kale za Mambo ya Nyakati zenye 18, kwa hiyo mnakili alikosea namba. Sema "mnakili alikosea" na dunia haitaanguka. Anayeamini kwamba Ukristo wote unaning'inia kwenye umri wa Yehoyakini ana tatizo kabla hata ya kukutana na mpinzani.

6. Mtaambiwa kwamba Kaisari Konstantino aliunda Biblia kule Nikea. Hakuiunda. Mtaguso wa 325 ulijadili habari za Ario, aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa, na tarehe ya Pasaka. Orodha ya vitabu haikuwa ajenda. Vitabu 27 vya Agano Jipya tulivyo navyo vimetajwa vyote pamoja katika barua ya Athanasio wa Aleksandria ya mwaka 367. Lakini msiseme pia kwamba hakukuwa na ubishi wowote juu ya vitabu, maana ulikuwepo, na Ufunuo ulibishaniwa sana.

7. "Dini ya wazungu." Hili linatoka siku hizi kwa vijana wetu wenyewe wa chuo kuliko kwa Waislamu, na linauma kwa sababu lina nusu ya ukweli. Mnajibu kwa towashi wa Kushi katika Matendo 8 halafu mnakaa chini. Ni mwanzo mzuri, ila endeleeni: Tertuliano wa Kartago na Agostino wa Thagaste, wote wa Afrika Kaskazini, mfalme Ezana wa Aksum, Ethiopia, katika karne ya nne, falme za Wanubi za Makuria na Alwa hapo Sudan, ambazo zilikuwa za Kikristo kwa mamia ya miaka kabla mzungu hajaijua njia ya Mengo kule Buganda. Kisha teremkeni nyumbani. Apolo Kivebulaya alikuwa Muganda, na 1896 alivuka kwenda Boga, Kongo, akafanya kazi upande ule mpaka alipofariki 1933. Hiyo ni injili iliyobebwa na miguu ya Mwafrika.

Sasa nusu ya pili. Wamishonari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika kwa Mutesa, Kabaka (mfalme) wa Buganda, 1877, na waliofuata nyuma yao si malaika. Huku kwetu mashariki mahubiri yaliingia pamoja na bunduki za Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda, na wazee wa Bukedi, huku mashariki mwa Uganda, hawajasahau. Kijana akikuambia hivyo, usimkatalie historia ya babu yake. (Kakungulu mwenyewe baadaye aliwaacha Waanglikana, na mwaka 1919 akaanza Uyahudi wake kule Mbale. Wafuasi wake, Abayudaya, wapo mpaka leo. Hiyo ni hoja ya nani, sijui, lakini huwa naipenda.) Swali la nani alileta na swali la kama ni kweli ni mawili. Lijibu la kwanza kwa uaminifu, na mwenzako atakupa nafasi ya kulijibu la pili. Uislamu nao ulifika Buganda na wafanyabiashara, enzi za Kabaka Suuna, kwa hiyo ustadhi hatalisukuma swali hili mbali sana.

8. Mashahidi wa Namugongo. Tunawapenda, Juni 3 tunatembea kwa miguu, sawa. Ila msiseme kwamba Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 waliokufa enzi za Kabaka Mwanga wanathibitisha kuwa Yesu alifufuka. Wanathibitisha kuwa waliamini kwa moyo wote. Waislamu waliouawa kwa amri ya Mutesa katika miaka ya 1870 nao waliamini kwa moyo wote, na mkiwataja ninyi kwanza, kwa heshima, mtaona uso wa ustadhi unavyobadilika. Tofauti ya mitume ni kwamba walidai kumwona Yesu aliyefufuka kwa macho. Na hapo pia tahadhari: msiseme wote kumi na wawili waliuawa, kwa wengine tuna mapokeo tu. Petro, Paulo, Yakobo wa Zebedayo katika Matendo 12, na Yakobo ndugu yake Bwana anayetajwa na Yosefo, mwanahistoria Myahudi. Hao wanatosha.

Mkishawataja mashahidi, mtu atasimama aseme Kanungu. Machi 17, 2000, watu mamia waliteketea kanisani kwa Kibwetere, kiongozi wa dhehebu lao. Jibu lenu la kila siku ni "wale hawakuwa Wakristo". Walikuwa na rozari mikononi, ndugu zangu. Walitoka parokiani, walitoka kwenye viti mnavyokalia. Kubalini kwamba lilitokea kwetu, kisha elezeni ni mafundisho gani yaliwafikisha pale na kwa nini hakuna aliyethubutu kumwuliza nabii wake swali.

9. "Mungu alikuwa wapi?" Swali hili lina sura mbili. Mwanafunzi wa Makerere anaweza kutaka hoja, mpe hoja, jadilianeni mpaka usiku. Mama aliyepoteza mtoto katika shambulio la shule pale Mpondwe, Juni 2023, haulizi hoja. Warumi 8:28, ile ya Mungu kuwapatia mema wampendao katika mambo yote, ni marufuku matangani. Nimesema marufuku. Beba sukari, kaa, chota maji. Mmoja wenu alibeba kitini cha kurasa nne kwenye mazishi Kasese na nilitaka kumnyang'anya nikawashie moto wa chai.

10. 1 Petro 3:15 mnaikariri mpaka "kumjibu kila mtu". Malizieni mstari: kwa upole na kwa hofu.

11. Kuhusu petroli. Barua ya polisi na ya mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, muwe nazo mapema, spika zigeuzwe upande usio na zahanati, na mafuta ya jenereta mchange wenyewe, elfu mbili mbili. Msikubali mgombea yeyote awanunulie, hata akiwa mlokole. Tulikubali mara moja. Saa kumi, ustadhi akiwa katikati ya hoja na mimi nimeshapata jibu lake, msafara ukafika, bwana yule akapanda jukwaani akachukua maiki yetu, na ilipofika jioni Waislamu na Wakristo tulikuwa tumekaa benchi moja tukisubiri amalize habari za barabara.