Maswali ya Wasomaji: Kutoa kipande cha maandishi kwa Lua

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatunza kumbukumbu za mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi katika faili la maandishi, na kila mstari umeandikwa hivi:

2024-03-17 | saruji [mifuko 12] | bei [204000]

Ninataka programu yangu, niliyoiandika kwa lugha ya programu ya Lua, itoe kilichomo ndani ya mabano ya kwanza. Nimeandika string.match(mstari, "%[(.*)%]"), lakini ninaletewa "mifuko 12] | bei [204000". Nilijaribu pia kutafuta tarakimu kwa \d kama nilivyozoea katika Python, na programu ikakataa kabisa kuanza. Ninakosea wapi?

JIBU: Nianze na hilo la pili, kwa kuwa ni jepesi. Lua ina ruwaza zake yenyewe (yaani vielelezo vya kutafutia maandishi), na alama inayotangulia herufi maalumu ndani yake ni asilimia, si mkwaju wa nyuma. Tarakimu huandikwa %d, herufi za alfabeti %a, na nafasi %s. Tangu toleo la 5.2, mkwaju wa nyuma unaofuatwa na herufi isiyotambuliwa huhesabiwa kuwa kosa la uandishi, ndiyo maana programu yako haikuanza. Katika toleo la 5.1 mkwaju huo ulipuuzwa kimyakimya na ukabaki na herufi d peke yake, jambo ambalo kwa maoni yangu ni baya zaidi, kwa sababu programu iliendelea kufanya kazi huku ikileta majibu yasiyo sahihi.

Tofauti hii ilikusudiwa. Lua ilizaliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, Brazili, na waasisi wake, akiwemo Roberto Ierusalimschy, walitaka lugha ndogo inayoweza kupachikwa ndani ya programu nyingine. Mfumo kamili wa ruwaza kama ule wa lugha ya Perl ungekuwa mkubwa kuliko walivyokuwa tayari kuubeba. Kwa hiyo usitafute katika Lua alama ya "hiki au kile", wala mabano ya mawimbi ya kutaja idadi ya marudio, kwani havimo.

Sasa tuje kwenye mabano yako. Nukta humaanisha herufi yoyote, na kinyota humaanisha "nyingi kadiri inavyowezekana". Ruwaza yako hupata mabano ya kwanza yanayofunguka, humeza mstari wote hadi mwisho, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ikutane na mabano yanayofunga. Kwa kuwa inatoka mwisho, mabano inayokutana nayo kwanza ni yale ya bei. Wengi watakushauri uweke kistari mahali pa kinyota, yaani "%[(.-)%]", kwa kuwa kistari humaanisha "chache kadiri inavyowezekana", na kwa mstari huu utapata "mifuko 12" kama unavyotaka.

Mimi nakusihi uende mbele zaidi ya hapo. Kistari hakikatazi ruwaza kuvuka mabano, huichelewesha tu. Tuseme mstari unasomeka "saruji [mifuko 12] ya [daraja la kwanza] | bei [204000]", nawe unataka mabano yaliyo jirani na neno bei, ukaandika "%[(.-)%] | bei". Utaletewa "mifuko 12] ya [daraja la kwanza", kwa sababu utafutaji ulianzia kwenye mabano ya kwanza na ukaruhusiwa kusonga mbele hadi masharti yatimie. Andika badala yake:

string.match(mstari, "%[([^%]]*)%] | bei")

Fungu [^%]] humaanisha herufi yoyote isiyokuwa mabano yanayofunga, na hivyo jibu haliwezi kamwe kuvuka mpaka huo. Hapa utapata "daraja la kwanza". Jizoeze kujiuliza ni herufi gani isiyoweza kuwamo ndani ya kipande unachokitafuta, kisha uikataze waziwazi. Ukitaka vilivyomo katika mabano yote ya mstari, tumia ruwaza "%[([^%]]*)%]" pamoja na string.gmatch ndani ya kitanzi.

Kwa tarehe huhitaji ruwaza hata kidogo. Daima inakaa katika herufi kumi za mwanzo, na string.sub(mstari, 1, 10) inatosha. Kumbuka tu kwamba Lua huhesabu kuanzia 1, na kwamba herufi ya kumi nayo imo ndani ya jibu.

Kwenye bei kuna mtego unaowasumbua hata wazoefu. Ikiwa siku moja mtu ataandika 204,000, ruwaza "bei %[(%d+)%]" itarudisha nil, yaani "hakuna kitu", kwa sababu mkato si tarakimu. Tumia "bei %[([%d,]+)%]", kisha uondoe mikato kabla ya kugeuza maandishi kuwa namba. Lakini usiandike tonumber(string.gsub(bei, ",", "")). Amri ya gsub hurudisha vitu viwili, yaani maandishi mapya na idadi ya mabadiliko yaliyofanyika, na tonumber (amri ya kugeuza maandishi kuwa namba) hukichukua hicho cha pili kuwa kizio cha hesabu, kama 10 katika hesabu zetu za kawaida. Kwa 204,000 idadi ni 1, na programu itasimama ikilalamika kuhusu kizio. Kwa 1,204,000 idadi ni 2, na utapata nil bila maelezo yoyote. Zungushia gsub mabano ya ziada ili kibaki kitu kimoja tu:

tonumber((string.gsub(bei, ",", "")))

SWALI: Ninatafuta "bomba 1.5" katika orodha ya bidhaa kwa string.find, lakini naletewa pia "bomba 125". Kwa nini?

JIBU: Nukta katika ruwaza hukubali herufi yoyote, na tarakimu 2 ni mojawapo. Andika "bomba 1%.5", au, ikiwa maneno ya kutafutwa yanaandikwa na mtumiaji wako, izime kabisa kazi ya ruwaza kwa kuandika string.find(orodha, neno, 1, true). Njia hii ya pili ndiyo ninayoipendekeza, kwa kuwa huwezi kujua mtumiaji ataandika alama gani.