Maswali na majibu: 4294967295 na jirani zake

Programu yangu ilitoa 4294967295 mahali nilipotarajia −1. Imetoka wapi?

Imetoka kwenye biti 32. Kila biti ni 0 au 1, kwa hiyo biti 32 hupangika kwa namna 4294967296, yaani 2 kwa kipeo cha 32. Ukianza kuhesabu na sifuri, ya mwisho ni 4294967295, ambayo biti zake zote ni 1. Mpangilio huohuo ndio kompyuta hutumia kuhifadhi −1. Programu yako imeusoma kama namba isiyo na hasi.

Inagawanyika kwa 9?

Hapana. Jumla ya tarakimu zake ni 57, nayo inagawanyika kwa 3 tu, si kwa 9.

Nipateje vigawo vyake bila kikokotoo?

Hapa ndipo ninapoipenda namba hii. Usianze kujaribu kigawo kimoja kimoja. 4294967296 ni 65536 × 65536, na ukitoa 1 kwenye kipeo cha pili, jibu ni zao la namba mbili zinazoizunguka ile ya awali: 65535 × 65537. Sasa 65536 nayo ni 256 × 256, basi 65535 ni 255 × 257. Endelea kushuka: 255 ni 15 × 17, na 15 ni 3 × 5. Kusanya zilizobaki:

3 × 5 × 17 × 257 × 65537

Zote tano ni namba tasa, na hakuna iliyojirudia! Kila moja unaichukua au unaiacha, hivyo vigawo vyote ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 32.

Nasikia ina uhusiano na jiometri. Kweli?

Kweli kabisa. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, akiwa na miaka 18, aligundua kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa, na pembe zake sawa, linachoreka kwa rula na bikari peke yake. Pierre Wantzel alikamilisha uthibitisho mwaka 1837: pande zikiwa witiri, idadi yake lazima iwe namba tasa ya Fermat (namba tasa inayozidi kwa 1 mojawapo ya 2, 4, 16, 256, 65536 na kuendelea, kila moja ikizidishwa kwa yenyewe kupata inayofuata), au zao la namba kama hizo bila kurudia hata moja. Zinazojulikana hadi leo ni zile tano tulizozipata hapo juu. Ondoa 1 kwenye vigawo 32, yanabaki maumbo 31. Dogo ni pembetatu. Kubwa lina pande 4294967295.

Kwa nini 4294967297 haimo?

Nayo ni 4294967296 ukiongeza 1, na Pierre de Fermat, mwanahisabati ambaye namba hizi zina jina lake, aliamini nayo ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba inagawanyika kwa 641. Baadaye alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa hiyo kabla ya 641 unajaribu nne tu: 193, 257, 449 na 577. Ukiigawa kwa 641 unapata 6700417. Hakiki mwenyewe: 6700417 × 600 ni 4020250200, na 6700417 × 41 ni 274717097. Jumlisha.