Sijabatizwa: jibu langu kwa Shangazi na Baba Mdogo kutoka Utah, Marekani

Shikamooni Shangazi na Baba Mdogo, na salamu kwa ndugu zangu wote wa Tanga. Tangu niwatumie ile picha niliyopiga na majirani zangu mbele ya hekalu jeupe la Wamormoni, simu yangu haijapumzika. Baba Mdogo ameuliza iwapo nimebatizwa, Shangazi ameuliza iwapo ni kweli kwamba wanaume wa huku huoa wake kumi, na binamu yangu mmoja, ambaye anajijua, ameuliza iwapo mtu akijiunga na kanisa hilo hupewa viza. Nimeona niwajibu wote kwa maandishi, kabla maneno hayajaongezwa chumvi.

Sijabatizwa. Ninaswali kama mlivyonilea, na hakuna aliyewahi kunizuia. Ila ni kweli kwamba ninaishi katikati ya watu mnaowaita Wamormoni, ambao wenyewe, hasa tangu mwaka 2018 rais wa kanisa lao wa wakati huo, Russell M. Nelson, alipolisisitiza jambo hilo, wangependa litajwe jina zima: Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho.

Niliwafahamu kwa sababu ya mguu. Januari ya mwaka wangu wa kwanza niliteleza kwenye barafu mlangoni pangu, kifundo kikavunjika, nami sikuwa na ndugu hata mmoja katika jimbo zima. Jioni ileile mama mmoja wa mtaani alibisha hodi akaniuliza mambo mawili tu, kama nyumbani kwangu tunakula nguruwe, na kama kuna chakula kinachomdhuru mwanangu. Kwa siku tisa zilizofuata, saa kumi na moja jioni, sahani ya moto ililetwa mlangoni, kila siku na mwanamke mwingine, na alfajiri nilimsikia babu wa nyumba ya tatu akikwangua theluji kwenye njia yangu kwa koleo. Baadaye nilielewa kwamba hayo yalikuwa yamepangwa. Wanawake wao wana jumuiya yao ya kusaidiana iliyoanzishwa mwaka 1842, na ushirika wa mtaa, ambao kwa Kiswahili chao huitwa kata, unaongozwa na askofu asiyelipwa hata senti. Askofu wa mtaani kwangu ni fundi bomba. Muumini hutoa sehemu ya kumi ya kipato chake, na Jumapili ya kwanza ya mwezi hufunga kwa kuacha milo miwili, kisha thamani ya milo hiyo huchangia maskini. Sisi tuliozoea siku thelathini tunaweza kutabasamu, lakini nimewaona wakifanya hivyo mwezi baada ya mwezi bila mbwembwe.

Shangazi, suala la wake wengi lina historia yake. Mwanzilishi wao, Joseph Smith, alianzisha kanisa mwaka 1830 katika jimbo la New York, akauawa na kundi la watu wenye silaha akiwa gerezani Carthage, Illinois, mwaka 1844. Wafuasi wake wengi wakamfuata Brigham Young kuelekea magharibi, na mwaka 1847 wakafika bonde hili, ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya Meksiko, kwa hiyo walikuwa wameikimbia Marekani, na Marekani ikawafuata hukohuko. Ndoa za wake wengi zilitangazwa hadharani mwaka 1852. Serikali ikawabana kwa sheria, vifungo na kutaifishiwa mali, hadi rais wao Wilford Woodruff alipotoa tamko la kuziacha mwaka 1890. Leo muumini anayeoa mke wa pili hufukuzwa kanisani, na wanaoendelea na desturi hiyo ni vikundi vidogo vilivyojitenga. Hapo Tanga nilikulia kati ya wanaume wengi wenye wake wawili. Huku bado sijakutana na hata mmoja.

Kilichonitatiza zaidi ni chai. Vijana wawili wamisionari, wanaohudumia Wakongo na Warundi wanaosali kwa Kiswahili, walikuja kunisalimu wakiwa na vibao vya majina vilivyoandikwa "Mzee", ingawa hakuna aliyefika miaka ishirini na moja. Nusura niwaamkie. Nikawapikia chai ya maziwa yenye iliki kama anavyostahili mgeni, nao wakakitazama kikombe kwa aibu kama watu waliowekewa sumu na mama mkwe. Wana agizo la mwaka 1833, waliitalo Neno la Hekima, linalokataza pombe, tumbaku, kahawa na chai. Sasa huwachemshia tangawizi na mchaichai bila majani ya chai, nao hunywa mpaka birika linakauka. Ajabu yake, watu haohao wana vibanda vya barabarani vinavyouza soda katika vikombe vikubwa kama ndoo, iliyotiwa krimu na shira ya nazi, nao hupanga foleni ya magari kuinywa saa nne asubuhi.

Nimesifu vya kutosha, na mlitaka ukweli. Hadi Juni mwaka 1978 mwanamume mweusi hakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa hili, ukuhani ambao mvulana wa kizungu aliupata akiwa na miaka kumi na miwili, ingawa Elijah Abel, mtu mweusi, alikuwa ameutunukiwa mwaka 1836 kabla mlango haujafungwa. Nilimuuliza babu wa koleo kuhusu hilo. Alinyamaza kitambo, akasema kwamba siku katazo lilipoondolewa alisimamisha gari kando ya barabara akalia, na kwamba kabla ya siku hiyo hakuwa amesema neno lolote. Nilimheshimu kwa kuikiri sehemu ile ya pili.

Kuna pia upweke wa aina yake. Nilipowaambia wamisionari kwa upole kwamba sitabatizwa, hakuna aliyenichukia, lakini mialiko ilipungua, nami nikabaki nikijiuliza ni sahani ngapi kati ya zile tisa zilikuwa za jirani na ngapi zilikuwa za mtu anayetarajiwa kubatizwa. Babu yeye hakupungua. Mwaka juzi tena, mwenzangu wa kazini aliolewa hekaluni, ambako huingia waumini wenye kibali maalumu peke yao. Baba yake si muumini. Tuliketi naye kwenye benchi nje, amevaa suti mpya, amepakata koti la binti yake muda wote ndoa ilipokuwa ikifungwa ndani. Tangu mwaka 2019 kanisa linawaruhusu maharusi wafunge kwanza ndoa ya kiserikali mbele ya watu wote bila kusubiri mwaka mzima kuingia hekaluni, lakini hawa hawakuchagua hivyo. Nami niliyetoka mahali ambapo baba ndiye walii, anayemwozesha binti yake, sikujua nimwambie nini, nikamnunulia maji.

Binamu, hakuna viza inayotolewa kwa ubatizo. Ni kweli kwamba Chuo Kikuu cha Brigham Young, kilichopo Provo, hutoza waumini ada ndogo kuliko wengine, lakini viza utaiomba ubalozini kama kila mtu, na hata ukiipata utakatazwa ndevu hizo unazojivunia.

Nina ombi moja, Shangazi. Watu hawa hutafuta majina ya mababu zao kwa bidii nisiyoiona kwingine, kwa kuwa huwabatizia waliokufa kupitia miili ya walio hai, na kumbukumbu walizokusanya humruhusu mtu yeyote kuzipekua bila malipo. Babu wa koleo amejitolea kunisaidia kutafuta za kwetu. Nilimshukuru, nikamwambia kwamba zetu ziko kichwani mwa shangazi yangu, na kwamba nisingependa ziingizwe kwenye mtambo wao. Ijumaa nikipiga simu nitajie majina ya baba yake Babu na waliomtangulia, hadi utakapofika mwisho wa kumbukumbu. Daftari nimeshanunua.