Maswali ya wasomaji: Laptopu ya gemu imezeeka na inachemka, nianzie wapi?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mi nina laptopu ya gemu tangu 2017, prosesa ni i7-7700HQ, grafiki GTX 1050 Ti ya GB 4, rami GB 8 na diski ya kawaida (hard disk) ya TB 1. Zamani nilikuwa nacheza gemu zangu zote bila shida, ila siku hizi dakika kumi za kwanza iko poa kabisa, fremu 60 kwa sekunde, halafu ghafla zinashuka mpaka 20 na feni inalia mpaka chumba cha pili wanasikia. Nimepima joto nikakuta prosesa iko nyuzi 97. Rafiki mmoja anasema nibadilishe kadi ya grafiki, mwingine anasema niongeze rami, mwingine ninunue pedi ya feni ya kuweka chini. Hela yangu inatosha kitu kimoja tu. Naomba ushauri.

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na umefanya vizuri kupima kwanza maana hiyo 97 imeshajibu nusu ya swali lako. Usinunue chochote kati ya hivyo vitatu kwa sasa.

Laptopu iliyoishiwa nguvu inakwama tangu dakika ya kwanza. Yako inaanza vizuri halafu inachoka, na hilo ni joto. Kikomo cha prosesa yako ni nyuzi 100, ikikaribia hapo inajipunguza mwendo yenyewe isiungue. Ukitaka kuhakikisha, fungua tena hiyo programu ya kupimia ukiwa katikati ya gemu uangalie kasi, prosesa hiyo imeandikwa 2.8 GHz, ukiona imeshuka chini ya hapo na joto bado liko juu basi ndo hivyo, inajiokoa.

Kadi ya grafiki uisahau, kwenye laptopu kama yako imechomelewa kwenye bodi, haichomoki.

Sasa tuje kwenye vumbi. Watu wengi wanafungua kava la chini, wanaona feni haina vumbi sana, wanapuliza kidogo wanafunga, halafu wanasema nimesafisha mbona bado inachemka. Vumbi lenyewe halikai hapo. Mbele ya feni, pale hewa inapotokea, kuna rejeta ndogo ya mabati membamba kama ile ya gari, na vumbi linajikusanya upande wa ndani, kati ya feni na hiyo rejeta, mahali ambapo huoni mpaka uitoe feni yenyewe. Mimi ya kwangu nilipoitoa nilikuta utando wa kijivu mzito kama kipande cha blanketi, umeziba rejeta kutoka mwanzo hadi mwisho, nikaubandua kwa kibanio ukatoka mzima kama ulivyo. Hewa ilikuwa haipiti kabisa, na nilikuwa nimeshapuliza kwa nje mara mbili! Kwa hiyo toa feni, na kama utapuliza hewa basi shikilia mapanga yake kwa kijiti yasizunguke, maana yakizungushwa kwa nguvu beringi zinaharibika na feni inaanza kukwaruza.

Kabla ya hayo yote zima mashine, chomoa chaja, na ukishafungua kava chomoa waya wa betri kwenye bodi. Hili usiliruke tafadhali.

Ukishafika hapo badilisha na pasti ya joto, ile iliyoko kati ya prosesa na mabomba ya shaba. Kwa miaka yote hiyo itakuwa imekauka kama chaki. Skrubu za hapo mara nyingi zina namba, unalegeza moja moja kidogo kidogo ukifuata mpangilio wake, usiing'oe moja mpaka mwisho ukahamia nyingine, kwa sababu prosesa ya laptopu iko wazi na ikiegemewa upande mmoja inaweza kumeguka kona. Futa pasti ya zamani kwa spiriti, paka mpya ya kawaida ifunike sehemu yote inayong'aa, nyembamba tu. Ile ya metali inayotiririka kama zebaki achana nayo, inapitisha umeme na inakula alumini. Na zile pedi laini zilizo juu ya chipu za memori, kama zimechanika weka za unene uleule, ukiweka nene zaidi shaba inanyanyuka haigusi prosesa vizuri na utakuwa umeongeza tatizo. Kama mkono wako unatetemeka kwenye vitu vidogo mpe fundi, ila mwambie wazi kwamba unataka feni itolewe na pasti ibadilishwe.

Kuna vya bure pia. Nyanyua nyuma ya laptopu sentimeta mbili tatu ipate hewa, weka kikomo cha fremu 60 kama skrini yako ni ya hezi 60, na kwenye setingi za umeme za Windows shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Hiyo moja tu inazima mwendo wa ziada wa prosesa, joto linashuka vizuri, na kwenye gemu zinazotegemea grafiki hutaona tofauti kubwa.

Joto likishatulia ndo utoe hela. Kama GB 8 zako ni rami ya kipande kimoja, ongeza kingine cha DDR4 cha GB 8, zitafanya kazi sambamba na kule kukwamakwama kutapungua. SSD, yaani diski ya kisasa yenye kasi kuliko hiyo yako, haitakuongezea fremu, lakini itafungua gemu haraka na mashine nzima utaiona imeamka. Ningekuwa wewe ningeanza na rami.

SWALI: Ya kwangu haichemki sana ila tachipadi imekuwa ngumu kubonyeza na kava la chini limeachia kidogo pembeni, nikaze skrubu?

JIBU: Hapana, usikaze! Hiyo ni betri imevimba inasukuma kutoka ndani. Zima sasa hivi, usiichaji tena, usiitoboe wala kuibana, peleka kwa fundi aitoe na uweke mpya.