Barua kwa mwanangu: Kobe na pweza wa Rodrigues

Mwanangu Salim,

Assalaamu alaykum. Sisi huku Wete, Pemba, hatujambo, na baba yako anakusalimu sana.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema wenzako wa chuoni hapo Mauritius wamekualika kwao Rodrigues mwezi wa Agosti, na mmoja akajisifu kwamba kisiwa chao kinajitawala. Ukaniuliza: "Mama, watu elfu arobaini na kitu, bajeti wanapewa na Port Louis, mji mkuu wa Mauritius, hapo wanajitawala nini?" Swali zuri. Nimesomesha jiografia miaka mingi, na visiwa vidogo ndivyo nilivyovipenda kuliko yote, basi nisikilize kwa kituo.

Rodrigues iko kama kilomita 560 mashariki ya hapo ulipo. Nchi yote ni kilomita za mraba 108: urefu kilomita 18, upana 8. Rodrigues tisa zinaenea ndani ya Pemba. Ni kisiwa cha volkeno, chenye vilima vikavu. Kilele chake, Mont Limon, hakifiki mita 400. Vimbunga vinakipiga mara kwa mara na maji ya kunywa ni shida, ndiyo maana nyumba nyingi zinakinga mvua kwenye matangi. Utajiri wao uko upande wa pili, baharini. Mwamba wa matumbawe umekizunguka kisiwa, na bahari ya ndani ya mwamba, ile ya maji mafupi, ni zaidi ya kilomita za mraba 200. Yaani eneo wanalolitembea kwa miguu maji yakitoka ni kubwa kuliko kisiwa chenyewe.

Sasa nikueleze habari ya kobe. Mfaransa François Leguat alifika pale mwaka 1691 na wenzake wachache, Waprotestanti waliokimbia mateso kwao. Hapakuwa na mkaazi hata mmoja. Aliandika kwamba kobe wakubwa walikuwa wengi hata mtu angeweza kutembea zaidi ya hatua mia juu ya migongo yao bila kukanyaga ardhi. Karne iliyofuata wakubwa wa Kifaransa waliokaa Mauritius wakawa wanatuma majahazi kwenda kupakia. Kobe hufa polepole, anaweza kukaa safarini wiki nyingi bila chakula, kwa hiyo alikuwa nyama nzuri kwa mabaharia na wagonjwa. Walipakiwa maelfu kwa maelfu. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 19 hakuna aliyebaki. Kobe utakaowaona ukienda kwenye hifadhi iliyopewa jina la Leguat ni wa jamii nyingine, wameletwa. Yule wa Rodrigues hayupo tena duniani.

Zingatia nani aliyeamua. Aliyeagiza kobe alikuwa Port Louis, hakuona mchanga ukibaki mtupu.

Watu wa sasa wengi wao ni wajukuu wa Waafrika na Wamalagasi walioletwa utumwani. Na hapa sisi wa pwani hatuwezi kugeuza uso: mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, na soko lao lilikuwa visiwa vya Wafaransa kama Mauritius. Utumwa ulipofutwa mwaka 1835, wengi walipanda milimani wakalima. Mpaka leo wanazungumza Krioli na karibu wote ni Wakatoliki. Ngoma yao ya sega, ile inayoongozwa na wanawake wakiimba na kupiga, UNESCO waliiweka kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni mwaka 2017.

Mauritius ilipokaribia uhuru, kura za 1967 zilionyesha wazi kwamba Warodrigues hawakuutaka. Walikipigia kwa wingi chama kilichoupinga. Waliogopa kuwa watakuwa mkia wa nchi, na kwa miaka mingi ndivyo walivyojiona. Hatimaye sheria ya kuwapa utawala wa ndani ikapitishwa mwaka 2001, na 2002 Baraza lao likaanza kazi pale Port Mathurin, mji wao mkuu, chini ya Kamishna Mkuu. Usilipime kwa mizani ya SMZ, serikali yetu ya Zanzibar. Hawana rais wao. Polisi, mahakama na mambo ya nje yako Mauritius, na bado wanapeleka wabunge wawili huko. Lakini kilimo, uvuvi, mazingira na maji wanayaendesha wenyewe.

Ndipo tufike kwa pweza. Pale, kama hapa kwetu, wanawake ndio wanaoshuka mwambani maji yakitoka, mkononi fimbo yenye ncha ya chuma. Unajua bibi yako alivyotufundisha kuchokoa: ukiona maganda ya kaa na vijiwe vimekusanywa mlangoni mwa tundu, mwenyewe yumo. Pweza hana maisha marefu, mwaka na ushee. Jike hutaga mara moja tu, hukaa analinda mayai bila kula, yakianguliwa naye anakufa. Kwa hiyo ukimchukua kabla hajataga umechukua na kizazi chake. Lakini anakua haraka mno. Mdogo wa leo ukimwacha miezi miwili tu, uzito wake unazidi maradufu.

Mavuno ya Rodrigues yalikuwa yameporomoka kwa miaka. Wakatazama Madagascar, ambako kijiji cha Andavadoaka kilianza kufunga mwamba mwaka 2004, nao mwaka 2012 wakafunga bahari yote ya ndani kwa pweza, kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Oktoba. Si jambo dogo kumwambia mama mwenye watoto asishuke mwambani miezi miwili. Serikali ya kisiwa iliwapa wavuvi waliosajiliwa kazi nyingine za malipo, kama kusafisha fukwe, ili watu wasilale njaa. Bahari ilipofunguliwa pweza walitoka wakubwa. Baadaye Mauritius yenyewe ikaiga. Mifuko ya plastiki hivyo hivyo: Rodrigues waliipiga marufuku mwaka 2014, Mauritius ikafuata 2016.

Hapo ndipo wanapojitawala, mwanangu. Anayeamua mwamba ufungwe lini anauona mwamba huo kutoka dirishani kwake.

Kuhusu fedha uko sawa, sitakuficha. Sehemu kubwa ya bajeti inatoka Port Louis na mwajiri mkubwa ni serikali. Wanauza vitunguu, pilipili, ndimu, maharage mekundu, asali, ng'ombe na mbuzi, vyote kwenye soko la Mauritius. Watalii wanakuja zaidi kutoka Mauritius na Réunion, kwa ndege ndogo za propela, maana njia ya kurukia ni fupi. Kuna mradi wa kujenga mpya. Vijana wengi wanahama kutafuta kazi, kama wetu wanavyokwenda Dar na Muscat. Hilo Baraza halijalitatua, na mimi sioni kisiwa chenye watu 43,000 kitalitatuaje peke yake. Lakini mtu anayetegemea fedha za mwenzake bado ana haki ya kuamua juu ya bahari yake.

Ukienda Agosti pengine utakuta wameshafunga, basi utakula pweza mkavu, wale wanaoanikwa ufukweni kwenye miti kama nguo kwenye kamba. Nina ombi moja. Kaa na akina mama wale, uwaulize kilo wanauza kwa bei gani na nani anaipanga bei hiyo. Kule Kisiwa Panza na kwingine hapa Pemba watu nao wamejaribu kufunga mwamba, na siku ya kufungua pweza huwa wengi na wakubwa, lakini mnunuzi anakuja na bei yake mfukoni. Kama wenzetu wamepata njia, niandikie nijue.

Mama yako